Kiapo cha Mapumziko

Sokoni hakuna aliyewahi kuusoma uso wa Dalali. Naanza na soko kwa sababu huko ndiko wengi wa watu wa Garissa walikomjua, na kwa sababu mimi, niliyekaa jirani naye karibu miaka yote ya tisini, nilimjua mtu mwingine kabisa. Siku ya mnada alisimama katikati ya vumbi la mbuzi na ngamia, shuka begani, ndevu zimekolea hina, muuzaji upande huu na mnunuzi upande ule. Pale bei haitajwi kwa mdomo. Dalali humfunika mtu mkono kwa shuka, wakashikana vidole huko ndani, na kila kidole kina maana yake, na umati wote uliosimama pale usiambulie neno. Wakati huo macho yake hutazama mbali, upande wa mto, kama mtu anayengoja usingizi. Niliwahi kwenda naye kununua mbuzi wa Idi, nikamkodolea macho muda wote nione kama napendelewa au napunjwa. Sikuona kitu. Mbuzi mwenyewe alikuwa mzuri.

Nyumbani alikuwa kitabu wazi. Ua wake na wangu ulitengwa na ukuta wa mabati yenye matundu, na mabati hayajui siri. Mimi ni mtu wa Lamu, mwalimu wa shule ya msingi, nilipelekwa kule na serikali bila kuulizwa. Mpira siujui na siutaki. Hata hivyo kila Jumamosi nilikuwa wa kwanza mtaani kujua matokeo. Timu ikishinda, lango la Dalali lilipigwa teke, naye akaanza kuita akiwa bado njiani, "Habiba! Toka nje uone mume yako!" Timu ikifungwa, lango halikusikika kabisa. Aliingia kama mwizi, akaondoa godoro kitandani, akalala chini kwenye udongo, uso ukutani, na kwa siku mbili asiguse chakula. Mtu aliyefungwa, alisema, hana haki ya kulala pahali laini.

Na alilala kwenye udongo mara nyingi, kwa maana timu yenyewe ilikuwa mbovu. Ilikuwa timu ya mji, jezi za kijani zilizochujuka hadi zikafanana na majani ya chai yaliyotumika. Mmoja alikuwa kuli wa magunia, mwingine amemaliza shule hana kazi, golikipa alikuwa muuza maji wa mkokoteni wa punda, mtu mzima mwenye mke na watoto. Walicheza kwenye mchanga. Wakisafiri, walipanda juu ya malori. Wakivuka daraja la Tana, jambo ambalo siku hizo watu waliliita "kwenda Kenya", waliteremshwa kwenye kizuizi, wakaulizwa vitambulisho, wakakalishwa juani mpaka askari waridhike kwamba hao nao ni Wakenya. Wakifika uwanjani miguu imevimba. Walirudi wamefungwa, na Dalali alikuwa akiwangojea pale pale darajani, hata kama lori lilichelewa.

Siku moja alipolala chini nilichoka nikamsemesha kupitia mabati. Nikamwambia ni mpira tu, ngozi iliyojazwa upepo, ainuke asimuue mkewe kwa majonzi.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka, "ule mwaka ya ukame ngamia yangu ilikufa yote. Uliza watu kama nililia."

"Nimesikia hukulia."

"Nilisema alhamdulillahi. Ile Mungu ndio ameleta, na Mungu ni mwenyewe. Lakini hii, mtu kama mimi, ana miguu miwili kama mimi, ndio amenifunga. Sasa hiyo alhamdulillahi nitaambia nani?"

Hakuna kitu kinachomuudhi mwalimu kama swali ambalo halimo kitabuni. Akaendelea, sasa amekaa kitako, mchanga mashavuni. "Sisi hapa tunashindwa na jua. Tunashindwa na askari ya daraja. Tukibeleka mbuzi Nairobi, tunashindwa na bei. Ni ile dakika tisini beke yake tunaingia sawasawa na watu. Halafu tunafungwa." Alilitamka hilo la mwisho taratibu, na nikaona kweli hakuwa anaigiza.

Alikuwa na misemo yake, mingi ya kukatisha tamaa. Hata maiti, alisema, watu wanakuja kumzika, lakini aliyefungwa hakuna anayekuja. Kwa hiyo nilianza kwenda mimi, na birika la chai, nampa pole kama ya msibani. Aliipokea kwa heshima zote na kuniombea dua.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuwa anatazama mpira. Alisimama nyuma ya goli, mgongo kwa wachezaji, uso kwa watazamaji, akisoma sura zao. "Mbira inadanganya," alisema, yaani mpira. "Sura ya mtu haidanganyi." Alijua goli limeingia kabla kelele hazijapanda, na alijua la nani. Hakupiga kelele wala hakumtukana mwamuzi hata siku moja. Wapo waliosema ana wazimu kidogo, nami sikuwabishia sana.

Habiba mkewe alikuwa mwanamke mrefu, mchache wa maneno, na utani wake ulikuwa wa pembeni pembeni, ukigeuka umeshapita. Hawakujaaliwa watoto. Wazee wa ukoo wa Dalali walikuja zaidi ya mara moja kumshauri aoe mke mwingine. Aliwachinjia, akawalisha, akawasindikiza. Mmoja alimuuliza jina lake litabebwa na nani. Akajibu, "Jina yangu iko na miguu? Itakaa hapa na Habiba." Habiba alinisimulia jibu hilo mara nyingi, kila mara kama jipya, na mimi kila mara nilijifanya sijalisikia. Nilimpenda Dalali kwa ajili ya jibu lile, na bado nampenda.

Niseme na juu ya mdomo wake. Sokoni madalali wengine waliapa wallahi billahi juu ya mbuzi anayekohoa mbele ya macho ya mnunuzi. Yeye hakuapa kamwe. "Huyu anakohoa," angesema. "Nunua au wacha." Alisema kiapo cha biashara kinakula baraka, na uongo hakuujua hata ule mdogo wa kumsifu mtu chakula. Ndiyo maana watu walitoka Kutulo huko Mandera kuja kumkabidhi wanyama wao, wakaenda zao kulala.

Lakini nyumbani kwake, mbele ya sahani, aliapa kama babu zake walivyoapa: kwa talaka. Ni desturi ya kule, ngeni kwangu. Mgeni akisema ameshiba, mwenye nyumba humwekea pande jingine la nyama na kusema, "Mke yangu ameachika kama hukukula hii." Hapo mgeni hula hata kama tumbo linapasuka, kwani nani atakubali kuvunja nyumba ya watu kwa sababu ya nyama? Mara ya kwanza nilipoapiwa hivyo nilitetemeka. Kwetu neno hilo halichezewi. Nikamtazama Habiba, naye akacheka. "Kula tu, abaayo," akaniambia, kama mtu anavyomwita dada yake. "Mimi niko ndani ya sahani yako." Nikala mpaka nikashindwa kuinuka. Hakuna mgeni aliyewahi kumwangusha Dalali mezani.

Balaa lilianza kiapo hicho kilipotoka kwenye sahani kikaingia kwenye mpira.

Mara ya kwanza ilikuwa hotelini, kwenye chai. Dalali mwenzake wa Wajir alisema timu ya kwao itakuja kutufunga hapa hapa kwetu, na kwamba watu wetu ni wachezaji wa harusini. Dalali wetu akaapa kwa talaka kwamba hatutafungwa. Tukafungwa. Sheikh wa mtaa akamwambia hiyo ni talaka moja, hakuna mjadala. Alimrejea mkewe siku hiyo hiyo, na Habiba akawatangazia wanawake bombani kwamba ameachwa na mpira na ameolewa na mpira, wote wakacheka hadi ndoo zikamwagika.

Mara ya pili ilikuja baada ya muda, hoteli ile ile, ubishi mwingine, kiapo kile kile. Safari hii Habiba hakucheka. Alifunga nguo zake akaenda kwa kaka yake Bura. Dalali alimfuata, akaketi nje ya ua wa shemeji yake siku baada ya siku, mpaka wanawake wa Bura wenyewe wakamwonea huruma. Habiba alirudi eda haijaisha. Sheikh akawaita wote wawili, na mimi nikaenda kwa kuwa Habiba aliniomba. "Mbili zimekwenda," sheikh alimwambia Dalali. "Imebaki moja. Ukiitamka, huyu ni haramu kwako mpaka aolewe na mwanamume mwingine, akae naye kama mke, kisha waachane kwa talaka au kifo. Umenielewa?" Alielewa. Jasho lilimtiririka hadi kwenye ndevu.

Aliacha mpira. Nasema aliacha, wala si utani. Jumamosi alikaa uani akisokota kamba za kufungia mbuzi, na kelele za uwanjani zikivuma alikwenda msikitini kabla ya wakati. Haya yaliendelea kwa miaka miwili. Lango halikupigwa teke, wala hakulala chini. Mimi nikasema mtu amepona. Habiba ndiye aliyeniambia vingine, tunaanua nguo, yeye upande wake na mimi wangu. "Mwalimu, naishi na mtu hayuko. Anakula, anaswali, analala. Hayuko."

Kisha timu ile mbovu, Mungu ajuaye ilivyokuwa, ikafika kwenye mechi ya kupanda ligi ya taifa. Wapinzani walitoka ng'ambo ya daraja. Walikuja kwa basi lao wenyewe, viatu vinang'aa, na mtu wa kuwasugua misuli. Mechi ilikuwa kwetu. Tangu asubuhi mji ulihama kuelekea uwanjani, hata wazee ambao mpira kwao ulikuwa upuuzi. Dalali alikaa uani na kamba yake. Alikuwa anasokota kinyumenyume, inafumuka, anaanza tena.

Habiba alisimama mlangoni akimtazama muda mrefu. Nilikuwa kwenye mabati, sikujificha.

"Nenda," akamwambia.

"Una uhakika?"

"Nenda, lakini mdomo yako ufunge. Nenda kabla sijabadilisha."

Alitoka mbio, mtu mzima yule, ndala moja mguuni na nyingine mkononi. Habiba alicheka. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia katika ua ule.

Yaliyotokea uwanjani nilisimuliwa na golikipa, aliyeniletea maji nyumbani. Alinisimulia siku nyingi baadaye na bado hakuweza kuniangalia. Mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa moja bila. Wachezaji walijitupa kwenye kivuli cha miti ya mathenge pembeni ya uwanja, wengine wameshavua viatu, na nahodha akawaambia warudi wakazuie tu wasije wakafungwa mengi wakaaibika. Hapo ndipo Dalali alipowaendea. Hakuwahi kufanya hivyo maisha yake yote. Wakainuka kwa adabu. Akawapitia mmoja mmoja akiwatazama usoni, na sote tunajua alivyokuwa hodari wa kusoma sura. Aliona kwamba mechi imeshakwisha vichwani mwao.

"Mmeshiba?" akawauliza. "Mmeshiba kufungwa?"

Wengine walikuwa bado wameshika viatu mkononi.

"Basi leo mimi ni mwenye nyumba, nyinyi ni wageni yangu. Wallahi, mke yangu ameachika kama hamshindi hii mbira."

Aliwaapia kama anavyowaapia wageni kwenye nyama. Alikuwa ametafuta nyumba nzima ya moyo wake kitu kizito cha kuwapa, akakuta kimoja tu, akawawekea mbele. Mchezaji mmoja alipiga kelele, "Adeer, rudisha maneno!" maana wote walikuwa wakimwita hivyo, baba mdogo, na wote walijua kwamba ni ya tatu. Lakini maneno hayo hayana njia ya kurudi. Akageuka akaenda nyuma ya goli, mgongo kwa uwanja.

Golikipa alisema hawajacheza vile kabla wala baada. Walikimbia huku wanalia. Walisawazisha. Waligonga mwamba. Wale wageni wa basi waliingiwa na hofu, wakawa wanaulizana hawa watu wamekula nini. Mji mzima ulikuwa umesimama. Halafu dakika zinayoyoma, mpira mdogo tu, wa kuokota kwa mkono mmoja, ukadunda vibaya kwenye mchanga, ukampita yeye golikipa, ukaingia.

"Mwalimu, sikuona mbira," aliniambia. "Nilikuwa naona bibi ya adeer."

Dalali hakugeuka. Alizisoma sura za watu.

Wachezaji walikwenda moja kwa moja kwa sheikh, na jezi zao na vumbi lao, kumtetea adeer wao. Dalali aliketi katikati. Habiba aliketi nyuma ya pazia na mimi nikiwa ubavuni pake, nimemshika mkono. Sheikh alikuwa mtu mpole, na siku ile alitafuta mlango. Alisema wapo wanazuoni wanaosema kwamba mtu akiapa kwa talaka kwa nia ya kuhimiza tu, na kuachana hakumo moyoni mwake, basi hicho ni kiapo kama viapo vingine. Atalisha masikini kwa kafara, na mke wake ni wake. Akasema yuko tayari kuwafuata wanazuoni hao. Kisha akauliza, "Ulipotamka, kuachana kulikuwamo moyoni, au ulitaka kuwahimiza vijana tu?"

Hata mimi wa Lamu nilijua jibu. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua. Nilihisi vidole vya Habiba vikinibana.

"Sheikh," Dalali akasema, "nilinuia. Kama sikunuia, nimewadanganya hawa fijana. Wangekimbia vile kwa uongo?"

Sheikh akarudia swali, polepole, neno baada ya neno, kama anayemnong'oneza mwanafunzi jibu la mtihani. Dalali akarudia jibu. Wachezaji wakainamisha vichwa. Golikipa alikuwa akilia kwa sauti. Sheikh alijifuta uso kwa kilemba, akasema hana zaidi.

"Mlango ilikuwa wazi," Habiba aliniambia chini chini. Hakulia. Aliondoka kwenda Bura na gari la alasiri.

Nilimkasirikia Dalali kwa muda mrefu, na salamu yake niliijibu kwa kuwa dini inalazimisha. Kwa kuropoka kwake ningemsamehe, hata Habiba angemsamehe. Ni ule ukweli wake uliotuua. Niliwaza usiku na mchana, ni mtu wa namna gani huyu asiyeweza kusema uongo mmoja kwa ajili ya mke ambaye yeye mwenyewe alikataa kumwolea mke mwenza? Na upande mwingine wa moyo ulinijibu kwamba angekuwa mtu wa kuusema uongo huo, Habiba asingempenda kiasi kile. Sikupata faraja yoyote katika jibu hilo.

Timu haikukaribia tena kupanda. Golikipa aliacha mpira. Habiba aliolewa Bura na mzee mmoja mfiwa. Dalali alirudi nyuma ya goli, kila mechi, na akarudi kulala kwenye udongo. Sasa aliondoa godoro mwenyewe na kulirudisha mwenyewe. Hakuapa tena kwa lolote. Mgeni akisema ameshiba, aliinua sahani akaondoka nayo.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea ukingoni nilipopata uhamisho wa kurudi kwetu. Siku hizo hizo nikasikia kwamba mume wa Habiba amefariki, na eda yake imeisha. Nadhani nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Nilikwenda Bura kumuaga na kumpa pole, na chai haijapoa nikamwambia lililonipeleka: sasa ni halali. Kifo kimefungua mlango. Anitume tu.

Habiba alikuwa amekonda. Alichezea upindo wa mtandio wake. "Muulize kitu moja," akasema. "Bado anaenda mbirani?"

Nilirudi Garissa nikamkuta Dalali uani, ameketi kwenye kigoda, mchanga upande mmoja wa nywele. Nilimweleza yote. Nikamwambia ana jibu moja la kutoa, jepesi, na kesho asubuhi mimi ni mjumbe wake Bura. "Sema umeacha," nikamwambia. "Au sema utaacha. Sema, ewe mwanamume!" Nilikuwa nampigia kelele, kwa kweli, kama mzazi.

Alijipangusa mchanga nyweleni. Kisha akasema, "Ile miaka miwili nilikaa hapa, sikuwa mtu. Yeye alijua. Ndio maana alisema nenda."

"Dalali, nakuomba."

"Mwambie jana nilikuwa huko."

Nilikwenda Bura hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Habiba alikuwa akichambua mchele. Nilimpa jibu kama lilivyo, sikuongeza wala kupunguza, nikangoja. Alichambua, akapeperusha makapi.

"Na walishinda?" akauliza.

"Walifungwa."

"Ngapi?"

"Tatu bila."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. "Basi mpaka saa hii hajakula," akasema. Nilingoja anipe neno la kumpelekea, hadi gari la kurudi likapiga honi. Akaendelea na mchele wake.